Kichaa cha Mbwa: Nyayo Zilizovuka Bahari

Mbwa huyo alitokea upande gani, na kabla ya hapa alikuwa amemuuma nani? Kuanzia 2002 hadi 2016, watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Serengeti, nchini Tanzania, wakiuliza hivyo. Walianza na watu waliofika zahanati wakiwa na majeraha ya meno, wakaenda hadi nyumbani kwao, kisha kwa mwenye mbwa, kisha kwa jirani aliyepoteza mbuzi wiki iliyotangulia. Wanakijiji hawasahau mbwa mwenye kichaa. Wanaijua siku aliyopita, njia aliyoshika na mahali alipouawa. Ukiunganisha kumbukumbu zao, unapata ramani ya ugonjwa, mng'ato kwa mng'ato.

Ramani hiyo ilionyesha jambo la kushangaza. Katika eneo lenye mbwa wapatao 50,000, hakuna wakati ambapo wagonjwa walizidi asilimia 0.15, yaani hata wawili katika kila elfu hawakufika. Hata hivyo ugonjwa haukutoweka. Mbwa wengi wagonjwa huuma karibu na kwao na kufa ndani ya siku chache, lakini wapo wachache wanaokimbia kilomita nyingi, na wapo wanaouma wengi mno. Hao ndio wanaowasha moto mpya katika kijiji ambacho hakikuwa na habari.

Ndani ya mwili nako kuna safari. Virusi vilivyoingia na mate hupanda polepole kwenye neva hadi kwenye ubongo, safari inayoweza kuchukua wiki au hata miezi. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kuanza chanjo siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu. Ulimwenguni watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Inaniuma kuandika hivyo kuhusu ugonjwa wenye kinga.

Kisiwani Pemba watafiti waliongeza kipimo cha vinasaba vya virusi juu ya masimulizi ya wananchi. Wakabaini kwamba mwaka 2010 minyororo mitano ya maambukizi ilikuwa ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Mbwa wakachanjwa kila mwaka, kisiwa kizima, na kufikia Mei 2014 yote mitano ilikuwa imekatika.

Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia tena, si mara moja bali mara mbili. Mkondo wa Pemba ni mpana na wenye kina kirefu, na hakuna mbwa anayeuvuka kwa kuogelea. Yaelekea mbwa mwenye virusi alipakiwa chomboni na binadamu, pengine akiwa bado na afya machoni pa kila mtu, virusi vikiwa njiani kuelekea ubongoni.

Ilibidi kampeni ya kisiwa kizima irudishwe, na Oktoba 2018 ugonjwa ukatokomezwa kwa mara ya pili. Wataalamu hutaka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Pemba imethibitisha kwamba kuutokomeza ugonjwa kunawezekana, na kwamba fungu la chanjo halistahili kukatwa mwaka ule ambao hakuna aliyeumwa.