Je, Wajua? Kidonge cha miligramu 1,250 kina kalsiamu miligramu 500 tu

Dada, geuza kopo la vidonge vya kalsiamu usome maandishi madogo ya nyuma. Kalsiamu kaboneti ya miligramu 1,250 hutoa kalsiamu halisi miligramu 500, yaani asilimia 40. Kalsiamu sitreti hutoa kama asilimia 21. Kaboneti imeze pamoja na chakula, maana huhitaji asidi ya tumbo. Sitreti haichagui, uwe umekula au la. Usimeze vingi kwa mkupuo: mwili hufyonza vizuri miligramu zisizozidi 500 kwa mara moja, tena kwa msaada wa vitamini D. Wataalamu wa Marekani hupendekeza miligramu 1,200 kwa siku kwa mwanamke aliyevuka miaka 50, chakula kikiwa ndani ya hesabu hiyo. Dagaa wanaotafunwa pamoja na mifupa yao, na kikombe cha mtindi, navyo vihesabu. Mjamzito anayetumia vidonge vya madini ya chuma avipishanishe na kalsiamu kwa saa kadhaa.