Mtangazaji wa Michezo na Thamani ya Kazi Yake

Neno mtangazaji limenyambuliwa kutokana na kitenzi tangaa, yaani kujulikana kote. Atangazaye mchezo hutangaa naye pia, na umaarufu huo huweza kumhamishia katika kazi nyingine, kwa hiari au kwa nguvu.

Nchini Kenya, tarehe 1 Agosti 1982, askari walioasi walimlazimisha Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mashuhuri wa kandanda, kusoma redioni habari za mapinduzi. Sauti iliyozoeleka ilitakiwa iwape uhalali. Mapinduzi yalishindwa, Mbotela akaendelea kutangaza kwa miaka mingi.

Nchini Kongo, François Kabulo Mwana Kabulo, mwandishi wa michezo wa televisheni ya taifa (RTNC), aliteuliwa kuwa Waziri wa Michezo mwezi Machi 2023. Mwaka 2024 wizara ilipata waziri mwingine.

Kwa kijana wa Pangi, jimboni Maniema, anayetamani kazi hii kwa Kiswahili, tofauti ni bayana: cheo hutolewa na kuondolewa kwa amri; imani ya wasikilizaji hujengwa kwa lugha fasaha na habari za kweli, wala haihamishwi kwa amri.