Usimwambie mtoto baba amesafiri

Mwezi mmoja baada ya mazishi, binti wa miaka minne mtaani kwetu alikuwa bado anakaa barazani kila jioni, akitazama kule daladala zinakoshusha abiria. Aliambiwa baba amesafiri kwenda Mwanza. Jioni moja akamuuliza mama yake, bila hata kulia: “Mama, baba ametukasirikia? Mbona hapigi simu?”

Kaka yake wa miaka tisa alikuwa anajua. Siku ya mazishi alipelekwa kwa shangazi ili “asione”, lakini wenzake shuleni walishamwambia. Nyumbani hakuuliza kitu. Akaanza kukojoa kitandani na kulalamika tumbo kila asubuhi ya shule. Akapimwa malaria, akapimwa mkojo, hakuna kilichoonekana. Zilipita wiki kadhaa kabla hajamwambia shangazi yake kilichokuwa kinamtafuna: usiku baba alipozidiwa, yeye alikuwa amegoma kupunguza sauti ya televisheni. Aliamini ndiyo iliyomuua.

Baba huyo aliugua saratani ya ini kwa miezi minane. Muda wote huo watu walimuuliza mama kuhusu dawa, bima na nauli. Swali la “watoto wanajua nini?” aliulizwa mara moja tu, na muuguzi wa tiba shufaa aliyefika nyumbani zikiwa zimebaki siku kumi. “Nikamjibu, dada, watoto hawajui kitu. Kumbe asiyejua nilikuwa mimi,” aliniambia.

Huduma inayoitwa ikiwa imechelewa

Wengi wetu tukisikia tiba shufaa tunaelewa kwamba hospitali imemkatia mgonjwa tamaa. Ndiyo maana familia huikataa, na hata baadhi ya watabibu husubiri mpaka mgonjwa hawezi tena kunyanyua kikombe. Ukweli ni kwamba huduma hii inaweza kuanza pale ugonjwa mzito unapogundulika, ikaenda sambamba na mionzi, dawa za saratani, dawa za kufubaza virusi au usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka, lakini wanaoipata ni asilimia 14 tu hivi.

Mwasisi wa huduma hii kwa sura yake ya sasa, Cicely Saunders, alikuwa muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London. Alisisitiza kuwa maumivu ya mgonjwa si ya mwili peke yake. Kwa mazingira yetu ungesema: kuna hofu, kuna ada za watoto, kuna ndugu ambao hamjapatana, kuna maswali kwa Mungu. Wazo hilo lilifika Nairobi mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Hapa nchini huduma hiyo inatolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali kadhaa, ikiwamo Selian ya Arusha. Kwetu hospisi si lazima iwe jengo lenye vitanda. Mara nyingi ni muuguzi mwenye mkoba anayepiga hodi mlangoni kwako.

Mgonjwa mwenye maumivu makali anaweza kuandikiwa mofini ya maji, dawa inayoogopwa kuliko inavyostahili. Mgonjwa anayeinywa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu ni nadra kugeuka teja, na dozi sahihi haiharakishi kifo. Hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yapande. Siku za mwanzo huweza kuleta usingizi na kichefuchefu, ambavyo hupungua. Kufunga choo hakupungui, hivyo ulizia dawa ya kulainisha choo pamoja nayo. Usiongeze kipimo wala kuikatisha ghafla bila ushauri.

Nayasema haya katika makala ya msiba kwa sababu baba anayegugumia kwa maumivu hawezi kumwita mwanawe akae kando yake. Akipata saa mbili za utulivu, anaweza. Hapo ndipo mtoto aambiwe: baba anaumwa sana, madaktari wanampa dawa ya kumtuliza, lakini ugonjwa wenyewe hauponi. Mwache alete maji, asome daftari lake pale kitandani, aulize. Asiyetaka kuingia chumbani asilazimishwe. Uganda, miaka ya 1990, dawa za kufubaza virusi zikiwa bado hazijawafikia wengi, akina mama wenye VVU waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo wao ni upi, walizaliwa wapi, mama alipenda nini. Leo simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti ya baba akisimulia hayo.

Neno lenyewe

Kifo kikitokea, mwambie mtoto “amekufa” au “amefariki”, kisha eleza: mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala maumivu, na hatarudi. Ukisema “amelala”, usishangae mtoto akianza kuogopa kulala. Ukisema Mungu amempenda zaidi akamchukua, ataogopa kwamba wewe ndiye utakayefuata. Imani yenu mfundisheni, lakini baada ya kumweleza kilichotokea.

Mtoto wa chini ya miaka mitano haelewi kwamba kifo hakina kurudi, hivyo atauliza leo na kesho atauliza tena. Mjibu kwa maneno yaleyale. Wa miaka sita hadi tisa mara nyingi hudhani amesababisha yeye, kwa hiyo mwambie si kosa lake hata kama hajauliza. Usikwazike ukimwona analia na dakika tano baadaye yuko nje anacheza. Huzuni ya watoto huja na kuondoka.

Kuna maneno ya msibani ambayo mimi ningeyapiga marufuku kama ningekuwa na uwezo. La kwanza ni lile la kumwambia kijana wa miaka kumi na miwili, “Wewe sasa ndiye baba wa nyumba hii, jikaze.” Ameshafiwa na baba, na sasa ananyang'anywa utoto. Mama naye akilia mbele ya watoto si udhaifu. Watajifunza kwamba kulia kunaruhusiwa.

Matanga yakianuliwa, turubai linashushwa, viti vinarudishwa, na simu zinanyamaza. Timu za tiba shufaa hujitahidi kurudi kuitazama familia wakati huo, nawe unayo haki ya kuwapigia hata kama mgonjwa hayupo tena. Jirani, kama ulikula pilau ya msiba, rudi mwezi wa pili. Tafuta msaada wa ofisa ustawi wa jamii au kliniki ya afya ya akili kama mtoto hali vizuri wala halali kwa wiki nyingi, ameacha kabisa kucheza, au shule imemshinda. Akisema anataka kumfuata marehemu, usingoje kesho, na usimwache peke yake. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haitozwi malipo, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Yule mama alimwambia binti yake Jumapili moja, wamekaa kwenye mkeka, kaka yake yupo. Mtoto alisikiliza, akauliza kama baba amevaa viatu. Kesho yake akauliza tena. Kaka ndiye aliyemjibu.