Mailo: Asili ya Milki Iliyopimwa kwa Maili

Mkazi wa Kimaka, au wa kitongoji chochote cha Jinja, hakosi kulisikia neno mailo pindi watu wazungumzapo habari za ardhi; na aghalabu hulidhani kuwa ni ada kongwe ya Baganda, waliyoirithi tangu enzi za wafalme wao wa kwanza. Kwa hakika sivyo. Ukabaila huu una tarehe na una mkataba, na majina ya waliotia saini yanajulikana.

Kabla ya mkataba huo, Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, aliwagawia wakuu wake ardhi pamoja na cheo, na aliyeuzuliwa cheo aliondoka na ardhi ikabaki. Kadhalika kila ukoo ulikuwa na butaka, yaani ardhi ya asili walikozikwa mababu, iliyo chini ya amana ya wazee. Mkulima alimpa mkuu wake kazi na sehemu ya mazao, lakini akidhulumiwa aliweza kuhamia kwa mkuu mwingine. Na kwa kuwa nguvu ya mkuu ilikuwa ni wingi wa watu wake, hofu ya kuhamwa ilimzuia asipite kiasi.

Tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston kwa niaba ya Uingereza, na Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri kwa niaba ya Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mdogo, walitia saini mkataba ulioigawa Buganda kwa maili za mraba. Kabaka alipewa maili 350. Wakuu na watu mashuhuri wapatao 1,000 waliwekewa 8,000. Na misitu pamoja na ardhi iliyohesabiwa kuwa tupu ikachukuliwa na serikali. Kila maili ya mraba ni ekari 640, na kutokana na kipimo hicho milki yenyewe ikaitwa mailo. Tangu hapo ardhi ikawa mali ya mtu binafsi, ya kuuzwa na kurithiwa, ilhali mkulima aliyekuwa akiilima alijikuta mpangaji juu ya kibanja chake mwenyewe, yaani shamba alilolilima na kuishi juu yake.

Wazee wa koo, waliokuta makaburi ya babu zao yameangukia mikononi mwa wageni, walilalamika sana katika miaka ya 1920. Na pamba ilipoleta fedha, wenye mailo wakazidisha madai yao juu ya mavuno. Ndipo ikapitishwa sheria ya busuulu na envujjo ya mwaka 1928, iliyoweka kikomo cha kodi ya kibanja na ushuru wa mazao, na kumlinda mkulima asifukuzwe ovyo.

Wakuu wa Busoga, nchi ulimo mji wa Jinja, nao walitamani milki za namna hiyo, lakini serikali ya Kiingereza iliwakatalia. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeweka msingi wa mji wa Mbale, kisha akawa mkuu wa baraza la Busoga, alipewa ardhi yake huko Mbale, katika nchi ya Bugisu. Walakini mailo kama mfumo haikuenea Busoga wala Bugisu, na huko vijijini ardhi imeendelea kushikwa zaidi kwa mila za jamaa na koo.

Mwaka 1975 Idi Amin aliifuta mailo kwa amri, na Katiba ya 1995 ikairudisha, ikitamka pia kwamba ardhi ya Uganda ni ya raia wake. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamtambua mwenye kibanja, hata yule aliyekaa bila kupingwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba. Hivyo haki mbili zimekaa juu ya udongo mmoja, na mashauri hayaishi. Tanzania, iliyokuwa na ukabaila unaofanana na huo katika nyarubanja ya Bukoba, iliufuta kwa sheria katika miaka ya 1960.

Basi wewe unayetaka kununua ardhi, uliza kwanza kama ni ya mailo, ya mila, ya hati ya kukodi au ya milki huru, maana sheria inazitambua zote nne. Tena uliza ni nani anayeishi juu yake. Na kwa wenye madaraka nasema wazi: milki iliyoanzishwa kwa mkataba wa watu wachache yaweza kurekebishwa kwa sheria ya watu wote, na mkulima aliyeachwa nje mwaka 1900 ndiye anayestahili kusikilizwa kwanza.