Magdalene Odundo ni mfinyanzi, si ‘msanii wa kauri’

Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi (1950), huitwa na baadhi yetu ‘msanii wa kauri’, kana kwamba ‘mfinyanzi’ ni jina la kumdunisha. Huenda ile methali ‘mfinyanzi hulia gaeni’ ndiyo iliyotuponza.

Kauri ni vyombo vyeupe, vigumu, kama vile vikombe vya wageni kabatini. Vyungu vya Odundo ni vya udongo mwekundu, wala havina utando wa kioo. Hung’aa kwa kusuguliwa. Weusi wake huletwa na moshi wa tanuri. Tena hatumii gurudumu: huuinua udongo kwa mikono, mbinu aliyojifunza miaka ya 1970 kule Abuja, Nigeria, kwa akina Ladi Kwali. Huko ndiko kufinyanga hasa. Sasa hiyo kauri imetoka wapi jamani?