Vitabu vya Mfukoni Vilivyokwenda na Karanga

Ndugu msomaji, kama uvunguni mwa kitanda cha wazee wako liko sanduku la bati ambalo halijafunguliwa kwa miaka mingi, lifungue Jumapili hii. Utakutana kwanza na vyeti, stakabadhi za kodi ya nyumba, na huenda picha ya harusi iliyotafunwa pembeni na mende. Chini kabisa, ikiwa bahati ni yako, utagusa kijitabu chembamba chenye jalada la karatasi, ambacho mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Usikidharau kwa uchakavu wake. Kitabu cha namna hiyo hakikuchakaa kwa kukaa. Kimechakazwa na mikono ya watu.

Baba yangu alikuwa na sanduku kama hilo. Alitoka Bukoba akaja Dar es Salaam mwaka 1974 kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na kila alipopata mshahara alitenga kiasi kidogo cha kitabu. Ndani ya kifuniko alibandika katuni za Chakubanga alizozikata katika gazeti la Uhuru, kazi ya mchoraji Christian Gregory, hata ukilifungua sanduku hujui ucheke kwanza au usome kwanza. Mimi, kitinda mimba wake, nilijifunza kusoma kwa ufasaha katika sanduku lile kuliko darasani.

Vitabu vyenyewe havikuwa vya mtu mmoja. Ndani ya jalada la kila kimoja palikuwa na orodha ya majina yaliyoandikwa kwa kalamu za rangi mbalimbali, na kila jina lilikatwa mstari mwenyewe aliporudisha. Wafanyakazi wa zamu ya usiku walikipokea kutoka kwa wa zamu ya mchana. Mmoja alisoma akingoja basi, mwingine aliwasomea wenziwe wasiojua kusoma wakati wa chakula. Kikifika kwa mtu wa ishirini, kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha kung'oka, na hapo ndipo palipokuwa na kasheshe: hadithi ya upelelezi isiyo na mwisho! Msomaji wa namna hiyo hakuwa na budi kumtafuta aliyetangulia, wakae kitako, asimuliwe muuaji ni nani.

Katika vyote, baba alivithamini zaidi vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mwandishi huyo, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, aliwahi kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, na nadhani ukaguzi ule haukumtoka kamwe. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58, kikachapwa mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, asiye na haraka, asiyevaa sare wala kubeba bastola. Bwana mmoja tajiri anakutwa amekufa mahali pa mzimu. Watu wote wanajua, au wanadhani wanajua, kwamba wa kale wamekasirika. Bwana Msa peke yake anavuta kiko chake na kuuliza maswali madogo madogo: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani atakayefaidika. Mwisho wake sikuambii, maana huenda hujakisoma. Nitasema hili tu, kwamba mzimu hauna hatia.

Hapo ndipo palipo utamu wa vitabu vile, na ndipo ninapopingana na walimu wetu waliotunyang'anya wakiviita vya kihuni. Mwandishi alimweka msomaji njia panda. Alimwonyesha mtu mwenye sura ya hatia, akamwacha amhukumu, kisha kurasa mia baadaye akamwonyesha jinsi alivyomdhulumu. Baba alikuwa akiniambia, "Mwanangu, mtu wa kwanza unayemshuku, mwache. Siye." Aliisema kanuni hiyo kama mtu anayeeleza kanuni ya hesabu. Ishike, ndugu msomaji, nitaihitaji baadaye.

Faraji Katalambulla alikuja kwa mwendo mwingine. Simu ya Kifo, kilichotoka mwaka 1965, hakina mizimu wala mashamba ya karafuu. Ni kitabu cha mji. Simu wakati huo ilikuwa kitu cha ofisini na cha wakubwa, hivyo jina lenyewe la kitabu lilitosha kumtia baridi mtu ambaye hajapata kushika mkonga wa simu maishani mwake. Leo mtoto wa miaka minane ana simu mfukoni na hatatishika. Lakini mpe kitabu hicho usiku umeme ukikatika, kisha uone.

Kisha Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka ule ule wa 1974 aliofika baba mjini. Nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika zimeibwa, na jasusi wetu anatumwa Nairobi kuzifuata. Wanawake warembo, magari, risasi, vyote vimo, na kuna kurasa ambazo sikuruhusiwa kuzisoma mpaka nilipozisoma kwa wizi. Lakini Kamati hiyo haikuwa ya kubuni. Makao yake yalikuwa hapa hapa Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walipita katika mitaa ile ile aliyopita baba akienda kazini. Mfanyakazi aliyesoma Kufa na Kupona hakuwa akiikimbia dunia. Alikuwa akisoma habari za majirani zake, zimetiwa chumvi.

Chini ya riwaya yalikuwapo matoleo ya African Film, magazeti ya hadithi za picha ya kampuni ya Drum Publications ya Afrika Kusini, yaliyosomwa kuanzia Nigeria hadi kwetu. Yaliandikwa kwa Kiingereza nisichokijua, nami sikujali, maana picha zilitosha. Lance Spearman, ambaye vijana walimwita Spear tu, alivaa kofia ya majani, akavuta sigara nene na kuendesha gari la michezo, akimfuata mhalifu mpaka mwisho. Aliyeigiza aliitwa Jore Mkwanazi. Ajabu ni kwamba Mwafrika huyu asiyeshindwa na mtu alitoka katika nchi ambako wakati huo Mwafrika alihitaji pasi hata kutembea mjini mwake. Katalambulla naye baadaye alitoa gazeti la aina hiyo kwa Kiswahili, Film Tanzania. Ukilipata lolote katika haya, usimpe mtoto akalifanye jalada la daftari.

HABARI ZA KARATASI ZA KUFUNGIA

Kuna usomaji mwingine wa zamani usio na jina, ambao mtu yeyote aliyekulia uswahilini anaujua. Unanunua karanga, unazila, kisha unakunjua karatasi uone imeandikwa nini. Kwa njia hiyo nimesoma matokeo ya ngumi yasiyo na majina ya mabondia, barua za wapenzi zisizo na saini na vituko visivyo na mwisho.

Kituko ambacho baba hakuchoka kukisimulia hakukisoma popote, kwani alikuwa mtoto huko huko Bukoba kilipotokea. Januari 30, 1962, haijatimia hata miezi miwili tangu Tanganyika ipate uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikawaenea wenzao. Hadi shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wasichana waliporudishwa makwao, kicheko kiliwafuata. Katika kijiji cha Nshamba watu 217 walishikwa, wengi wao vijana na watoto.

Nilipokuwa mdogo nilicheka kila niliposimuliwa. Nilipokuwa mkubwa nikasoma maelezo ya madaktari wawili, Rankin na Philip, yaliyochapishwa mwaka 1963, na kicheko kikanikauka. Wasichana wale hawakuwa na furaha. Walicheka, wakalia, wakahangaika wasitulie, hali ikaisha na kurudi tena. Madaktari walitafuta sumu katika chakula na vijidudu katika damu wasipate kitu. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Madaktari waliamua kwamba chanzo kilikuwa katika nafsi, si katika mwili. Na waliochunguza baadaye wakaona ni dhiki ya watoto wa bweni ambao hawakuwa na namna nyingine ya kusema kwamba wamechoka. Dunia ingali ikilitaja jambo hilo kama mzaha. Naona Bwana Msa angevuta kiko chake na kuuliza: nani hakupatwa, na kwa nini?

MTU WA KWANZA KUSHUKIWA

Sasa nifike ninapopaogopa. Mwaka 2001 nilikuwa darasa la tano. Mtaani petu kilifunguliwa kibanda cha video, na kiingilio sikuwa nacho. Jirani na kibanda alikaa muuza karanga aliyenunua karatasi. Nilianza na gazeti moja la Spear. Juma lililofuata nikapeleka Simu ya Kifo. Kwa muda wa miezi miwili hivi nililimaliza sanduku lote, kitabu baada ya kitabu. Kufa na Kupona ilinipatia viingilio viwili. Niliwaona watoto wenzangu wakila karanga katika kurasa za Mzimu wa Watu wa Kale, nami nikala vilevile.

Baba alipolifungua sanduku alikuta vyeti na Chakubanga wake kifunikoni, basi. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akahesabu kwa vidole. Chumba cha uani alikuwamo mpangaji wetu, fundi cherehani, mtu mpole, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na ruhusa ya kuingia na kuazima. Baba alimwita akamwuliza. Fundi akajibu, "Mzee, vitabu nilivyochukua nimevirudisha vyote. La sanduku kuwa tupu silijui." Hapakuwa na ugomvi. Salamu tu zikapoa, bao la jioni likakoma, na mwisho wa mwezi fundi akafunga cherehani yake juu ya mkokoteni akahama, akimwaga mama peke yake. Nilimsaidia kusukuma mkokoteni hadi barabarani. Akanipa shilingi mia.

Baba, aliyewamaliza wapelelezi wote wa Kiswahili, alimkamata mtu wa kwanza aliyemshuku.

Mwezi uliopita, katika Barabara ya Samora, kwa mmoja wa wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaotandaza bidhaa zao chini, niliona Mzimu wa Watu wa Kale. Jalada limefifia, kurasa zote zimo, na ndani yake majina kumi na moja ya watu nisiowajua, la mwisho halijakatwa. Nililipa bei aliyotaja bila kubishana. Baba amekwisha kutimiza miaka sabini na ushee na macho yake yamepungua. Alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akafungua kwenye majina kabla ya kutazama jina la kitabu. "Si changu," akasema. "Changu kilikuwa na doa la mafuta ya taa ukurasa wa kwanza." Kisha akavaa miwani, akaanza kusoma. Baada ya kitambo akainua kichwa, akatabasamu: "Hiki tusimwazime fundi cherehani."

Miaka ishirini na zaidi, na bado.

Nilimtafuta fundi. Haikuwa kazi kubwa, kwani mafundi hujuana; yuko Mbagala, na siku hizi anashona sare za shule. Nilimweleza yote nimesimama, yeye akiendelea kukanyaga cherehani. Alipofika mwisho wa mshono akakata uzi kwa meno, akanitazama. "Mimi nilijua," akasema. "Uliponisukumia mkokoteni hukunitazama usoni. Mtoto wa miaka kumi na moja ningemsemea nini kwa baba yake?" Akaniuliza kama mzee hajambo, kama bado anacheza bao. Nikamjibu kwamba hajambo. "Basi kwangu yamekwisha. Nenda ukamwambie yeye."

Nimekwenda nyumbani mara tatu tangu siku hiyo. Mara zote nimemkuta baba na kitabu, na mara zote tumezungumza habari za Bwana Msa. Juzi alikuwa amebakiza kurasa thelathini, akanikataza nisimwambie muuaji, ingawa amekisoma kitabu hicho mara nyingi kuliko awezavyo kuhesabu.

Kila Jumapili baba hutumwa gazeti hili na mjukuu wake. Huanza na michezo, hufuatia barua za wasomaji, na nyongeza hii huifikia baada ya chai ya saa nne.