Belo likiharibu, cherehani yaweza kuokoa mtaji

MFANYABIASHARA wa mitumba hununua belo likiwa limefungwa. Belo la kawaida lina uzito wa kilo 45, na kinachojulikana kabla ya kulipa ni aina ya nguo na daraja lake tu. Saizi, madoa na zipu mbovu huonekana baada ya kamba kukatwa. Nguo nzuri huondoka siku hiyo hiyo na wateja wanaowahi. Zinazobaki chini ndizo huamua kama mtaji utarudi.

Hapo ndipo anapoingia fundi cherehani. Katika masoko kama Karume la Dar es Salaam na Gikomba la Nairobi, mafundi hukaa jirani na wauzaji wa mitumba, na kazi yao si kubana kiuno peke yake. Shati pana la kiume hugeuzwa gauni la mtoto, na suruali ya jinzi hufumuliwa ikawa sketi.

Kila kilo ina gharama

Masalia ya belo hayakuja bure. Katika bajeti ya mwaka 2016/17, Tanzania ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za Dola ya Marekani kwa kilo hadi senti 40, au asilimia 35 ya thamani, kwa kuchukua kiasi kilicho kikubwa. Rwanda ilikwenda mbali zaidi mwaka huo, kwa kutoza Dola 2.50 kwa kilo. Ushuru wa kilo hautofautishi shati zuri na bovu. Gharama hiyo imo ndani ya bei ya belo, na mnunuzi wa rejareja huibeba bila kuiona.

Hesabu ya kushona au kufagia

Kosa la wengi ni kulinganisha bei ya nguo iliyoshonwa upya na bei ya kununulia belo. Fedha ya belo imekwisha toka na hairudi kwa kuifikiria. Kinachopaswa kulinganishwa ni bei ya kufagia, yaani ile ambayo masalia yangeuzwa leo yakiwa kama yalivyo.

Chukua mfano. Mfanyabiashara amebakiwa na mashati 40 yaliyo mapana mno. Akiyafagia kwa Sh. 1,000 kila moja, anapata Sh. 40,000 papo hapo. Akiyapeleka kwa fundi kwa Sh. 1,500 kila moja, pamoja na Sh. 300 za uzi na lastiki, anatumia Sh. 72,000. Magauni yote 40 yakiuzwa kwa Sh. 4,000, atapata Sh. 160,000, na baada ya kutoa gharama atabaki na Sh. 88,000.

Lakini yakiuzwa 28 tu, atapata Sh. 112,000 na kubaki na Sh. 40,000, sawa kabisa na kufagia. Chini ya hapo, amefanya kazi ya hasara. Aidha, fedha ya kufagia inapatikana leo, wakati fedha ya magauni huja kidogo kidogo huku mzigo ukiwa kibandani. Moto ulioteketeza soko la Karume Januari 2022 uliwakumbusha wengi kwamba mzigo uliolala nao una hatari yake.

Nguo ipi inafaa

Nguo inayostahili cherehani ni ile iliyokataliwa kwa saizi au mtindo huku kitambaa chake kikiwa kizima. Inyanyuliwe kwenye mwanga na kukaguliwa kwapani, kwenye kola na magotini. Kitambaa kilichopauka au kuchanika huko hakiokolewi na mshono.

Shati la kiume lina faida ya pekee: pindo la chini na ukanda wa vifungo huachwa kama vilivyo, hivyo kazi ya fundi hupungua. Jinzi huhitaji sindano nene, namba 16 hivi, na ikifumuliwa huacha mstari mweusi pale palipokuwa na mshono, kwa kuwa sehemu hiyo haikupauka. Mstari huo ufichwe au ufanywe pambo. Satini na ngozi huonyesha matundu ya sindano ya zamani. Nguo za kuvutika kama fulana zinahitaji mashine ya ovaloku, ambayo mara nyingi hulipiwa kando.

Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo inaweza kurudi ndani mikononi mwa mteja.

Ushauri kwa mwenye mtaji mdogo

Wafanyabiashara wanashauriwa kuanza na nguo tano, kuzitundika, na kuona zinachukua siku ngapi kuondoka kabla ya kumkabidhi fundi mzigo wote. Malipo yapatanwe kwa kipande na si kwa siku, na ijulikane mapema nani analipa nguo ikiharibika.

Hata hivyo, yafaa kukumbuka kuwa fundi mzuri hageuzi belo bovu kuwa zuri. Anachofanya ni kupunguza hasara, na mara nyingine kuigeuza faida. Mwenye kuandika kila belo katika daftari, idadi ya nguo zilizofagiwa, zilizoshonwa na zilizouzwa, ndiye atakayejua lini amwite fundi na lini apige mnada.